Mama mkwe anataka Kulwa na Doto, mimi naona ni majina ya kizamani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa Ilula, Iringa. Nimeolewa Tukuyu na tunaishi hapa Uyole, Mbeya. Nina mimba ya miezi saba. Mwezi uliopita nilipigwa utrasaundi nikaambiwa ni mapacha, wa kiume na wa kike. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye benchi la korido. Tangu siku hiyo nyumbani hatuna mazungumzo mengine, ila kwenye majina tumekwama, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mimi nilishachagua. Nataka Jayden na Jaylin. Ni majina mazuri, yanaendana, na ukiyaita pamoja unasikia kabisa kwamba hawa wametoka tumbo moja. Nafanya kazi saluni pale Mwanjelwa na wateja wote niliowaambia wameyapenda.

Mama mkwe hataki hata kuyasikia. Alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na maharage, akakaa siku nne, na siku ya kwanza tu akasema, "Hao ni Kulwa na Doto. Mapacha wana majina yao, hayachaguliwi." Nikamwambia kwa heshima kwamba majina hayo siku hizi yamepitwa, ni ya kizee. Kwetu mtaani Kulwa ninayemjua ni bibi mmoja anayeuza mkaa, na Doto ni mlinzi wa ghala. Sikusema kwa dharau, Shangazi, ila najua watoto wanavyotaniana shuleni. Mama alinyamaza. Jioni ile hakula.

Sasa kuna jambo ambalo sikulifikiria kabla ya kufungua mdomo. Mume wangu anaitwa Doto. Kazini na kwenye kitambulisho ana jina lake la ubatizo, lakini kwao na kwa marafiki zake wa utotoni ni Doto. Alizaliwa pacha. Mwenzake, Kulwa, alifariki wakiwa na miezi mitano. Nilikuwa nalijua hilo juu juu tu, maana mume wangu halizungumzii. Siku ya tatu mama mkwe aliniita chumbani, akafungua kipochi chake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye nailoni. Ilikuwa kadi ya kliniki ya mwaka 1992, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo inakaribia kukatika. Juu imeandikwa KULWA kwa kalamu ya bluu. Ndani kuna nukta tano za uzito, moja kila mwezi, zinapanda vizuri, halafu zinaishia hapo. Karatasi iliyobaki ni tupu. Mama hakusema neno. Akaikunja, akairudisha.

Toka siku hiyo silali vizuri. Naogopa kumpa mwanangu jina la mtoto aliyekufa. Naogopa pia kuonekana mkwe niliyekuja kufuta kumbukumbu ya watu. Mume nikimuuliza anasema, "Nyie elewaneni, mimi nipo." Shemeji mkubwa naye kaleta lake: wa kiume apewe jina la marehemu baba mkwe. Na mama yangu mzazi kule Ilula anauliza kwa nini upande wetu haujaulizwa kabisa.

Shangazi, Kulwa na Doto ni majina ya kizamani kweli, au mimi ndiye sijaelewa? Na nikikataa, nakataaje bila kumvunja moyo mama?

Mama Mapacha mtarajiwa, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongera mara mbili.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile kadi. Nitaifikia. Kwanza nijibu ulichouliza.

Hapana, si majina ya kizamani. Jina la kizamani ni lile lililowahi kuvuma, watu wakapeana kwa mkumbo, kisha mvumo ukaisha. Kulwa na Doto hayajawahi kutegemea mvumo. Asili yake ni Usukumani na Unyamwezini: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kiume au wa kike, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha naye ana lake, Shija. Kutoka huko yameenea nchi nzima, hadi Pwani wanakoandika Kurwa, hadi yakaingia kwenye lugha yenyewe. Watu wawili wasioachana tunawaita kurwa na doto hata kama hawana undugu wowote. Mwaka 2023 nchi ilipata Naibu Waziri Mkuu anayeitwa Doto, Doto Biteko, na jina lilisomwa kwenye taarifa ya habari kama majina mengine yote yenye heshima. Yule bibi wa mkaa na yule mlinzi wamebeba jina zuri. Wewe umeliangalia kupitia mkaa na ghala, na hapo umelionea.

Wala si sisi peke yetu. Wahaya wana Ishengoma na Kato. Wajaluo wa Mara wana Opiyo na Odongo, na kwa wasichana Apiyo na Adongo. Wayoruba wa Nigeria, ambao wanajulikana duniani kwa kuzaa mapacha wengi kuliko watu wengine, wana Taiwo na Kehinde. Kwao anayetoka kwanza ni Taiwo, lakini mkubwa ni Kehinde: yeye ndiye amemtuma mwenzake atangulie kuionja dunia kama inafaa. Huwa nalipenda sana wazo hilo.

Sasa kuhusu maneno ya mama mkwe, kwamba hayachaguliwi. Hapo nataka nikueleze kitu, na nakuomba kibaki kwako. Wazee wa Unyakyusa, ndiko huko Tukuyu kwa mama mkwe wako, walipokea mapacha kwa hofu. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Rungwe miaka ya 1930 na kuandika mila za huko, alieleza kwamba mapacha na wazazi wao waliitwa abipasya, watu wa kuogopwa. Walitengwa na ndugu, majirani na ng'ombe mpaka dawa na taratibu zote zikamilike, kwa imani kwamba anayewagusa huvimba miguu na kuharisha. Hiyo ndiyo mila ya zamani hasa. Sikuambii haya ukamwambie mama kwamba Kulwa na Doto si vya kwenu. Usithubutu. Nakuambia umwone vizuri. Mwanamke wa Tukuyu aliyewaita wanawe Kulwa na Doto mwaka 1992 hakuwa anang'ang'ania ya kale. Mahali ambapo waliomtangulia waliogopa, yeye aliita majina ya shangwe, majina yaliyokuwa yanaitwa nchi nzima. Naamini kwake yale yalikuwa majina mapya, kama Jayden na Jaylin kwako leo. Miezi mitano baadaye akabaki na moja.

Ndiyo maana hakula.

Na hapohapo ndipo ninapoona upungufu wa majina haya, kwa sababu yana upungufu, na si ule ulioutaja wewe. Kulwa na Doto ni zamu za kuzaliwa zaidi kuliko majina ya watu. Moja linamwita jingine. Ukisikia Doto, macho yanamtafuta Kulwa. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi huko Rungwe, na mwaka mmoja darasa la tatu nilimpokea binti anaitwa Doto, mdogo wa umbo, anakaa dawati la pembeni dirishani. Siku ya kwanza nikiita majina kwenye rejista nikamuuliza kwa furaha tu, "Na Kulwa yuko wapi?" Akanijibu, "Yuko nyumbani, mwalimu." Wiki ya pili mwalimu wa hesabu akamuuliza hivyohivyo, akajibu hivyohivyo. Ilipofika siku ya wazazi ndipo mama yake akaniambia Kulwa yuko nyumbani kweli, chini ya mparachichi, tangu wana wiki sita. Yule mtoto alikuwa amejifunza jibu lisilowatia watu aibu. Mpaka leo nikikumbuka swali langu nasikia vibaya.

Mume wako amekuwa akiulizwa swali hilo tangu alipojua kuongea. Anaposema "nyie elewaneni," sidhani kwamba hajali. Nadhani mmemweka kati ya mama yake na mke wake kwenye jambo ambalo mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo kabla ya mama, kabla ya shemeji, kabla ya kunifuata mimi, kaa naye. Si kwenye simu, si mbele ya watu. Jioni, mkiwa wawili, na baridi hiyo ya Uyole mkiwa mmesogelea jiko. Muulize mambo mawili tu. La kwanza: ungependa mtoto wako aitwe jina lako? La pili: ulikuwa unajibu nini ukiulizwa Kulwa yuko wapi? Kisha unyamaze. Akichukua muda, mwache achukue muda. Usimsaidie kujibu, na usiku ule usimtajie Jayden. Anaweza kusema anataka jina la ndugu yake liitwe tena nyumbani mwake, au akasema hataki mtoto wake yeyote abebe alichobeba yeye. Jibu lake ndilo lenye uzito kuliko langu na la mama yake, na likipingana na nitakayokuandikia hapa chini, fuata lake.

Unaogopa kumpa mtoto jina la aliyekufa. Jina la marehemu si mkosi, mwanangu. Huku kwetu nyanda za juu kurithisha majina ya waliotangulia ni jambo la kawaida na la heshima. Ila kuna tofauti kati ya jina la babu aliyeishi, akalima, akagombana na watu, akazeeka, na jina la mtoto mwenye nukta tano kwenye kadi. Anayerithi jina la babu amerithi maisha yaliyokamilika. Anayerithi lile jingine anaweza kujikuta anaangaliwa na bibi yake kila siku kama anayekuja kujaza ile karatasi tupu. Hiyo ni kazi kubwa mno kwa mtoto, hata bibi akiwa na upendo kiasi gani.

Mimi ningefanya hivi. Kwenye cheti cha kuzaliwa kila mtoto aandikwe jina lake mwenyewe, linalosimama peke yake, ambalo ukiliita hakuna anayeuliza mwenzake yuko wapi. Kulwa na Doto yatakuja yenyewe. Muuguzi atayaita wodini, jirani atayaita uani, dereva wa bajaji atayaita ukipanda na mabeleko mawili. Hakuna mzazi wa mapacha Tanzania aliyewahi kuyazuia, na wewe usijaribu. Mwachie mama mkwe ayaite kwa sauti yake na kwa raha zake. Yakiwa majina ya nyumbani, watoto watakua nayo kama mume wako alivyokua na lake, na siku wakitaka kuyaacha watayaacha.

Jayden na Jaylin nakushauri uyaache, na sikushauri hivyo kwa sababu ya ugeni wake. Fikiria fomu zetu za majina matatu. Watoto wako watakuwa na jina la baba moja, la ukoo moja, na tarehe ya kuzaliwa moja. Kitakachowatenganisha ni jina la kwanza tu, na zipo ofisi zinazoandika herufi yake ya kwanza peke yake. Hapo wote wawili ni J, kila kitu sawa mpaka nukta ya mwisho. Nilikuwa na mapacha darasani, Witness na Winfrida, wote wasichana. Alama za mmoja ziliingizwa kwa mwingine, wazazi wakazunguka na karatasi muhula mzima kurekebisha, na yule aliyepewa alama za chini alikuwa ameshaanza kuamini kwamba ndizo zake. Na tunaanzia mbali kabla ya shule: kadi mbili za chanjo, uchovu wa usiku, muuguzi mwenye foleni ndefu. Uzuri wa majina yanayofanana ni wa kuyasikia. Wanaoyabeba wanahitaji yatofautiane.

Kuna jambo jingine ninalolipima. Bibi yao awe na uwezo wa kuliita jina kutoka mgombani, kwa sauti kubwa, bila kulikwaa.

Huko ulikoolewa pana majina ambayo mimi huwa sichoki kuyasikia. Lugano ni upendo. Lusajo ni baraka. Ipyana ni neema, Bupe ni zawadi, Lutengano ni amani, Lusekelo ni furaha. Atuganile, ametupenda. Tusajigwe, tumebarikiwa. Ukiyasikia pamoja unajua ni majina ya watu waliokaa na sala, na si ajabu, wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe tangu 1891. Miaka fulani vijana wenye majina haya wakija mjini walijitambulisha kwa la ubatizo tu, wakaficha la nyumbani. Sasa naona wazazi wa rika lako wanayaandika kwenye vyeti, yakiwa ya kwanza. Angalia tu usiniandikie Lugano na Lusajo, maana tutarudi kwenye herufi ileile. Ningekuwa mimi, Ipyana kwa wa kiume na Bupe kwa wa kike. Yako mbali kwa sauti, yako mbali kwa herufi, na maana zake zinakaa pamoja kama ndugu. Mkiona Kinyakyusa kinaiacha nje familia ya Ilula, chukueni Kiswahili: Neema na Baraka, bibi wote wawili wanaelewa bila mkalimani. Ila msigawe, mmoja jina la Tukuyu na mwingine la Iringa. Watoto mtakuwa mmewagawa pia.

Mama yako mzazi mpigie leo. Ana haki ya kuuliza. Mume wako ana jina la ubatizo, bila shaka na watoto watabatizwa, basi majina ya ubatizo na wasimamizi waachieni Ilula wapendekeze. Hilo ni jambo la kweli, si pipi ya kumnyamazisha.

Shemeji ajibiwe na mdogo wake, si na wewe. Ila mumeo anaweza kumkumbusha kaka yake mila moja ya kwao, ukutila. Mke wa Kinyakyusa alimwepuka baba mkwe kwa heshima, hakukutana naye uso kwa uso wala kutaja jina lake. Kwa mila hiyohiyo, mtoto akipewa jina la baba mkwe, wewe mama yake usingeweza kumwita. Nimewajua wanawake walioishia kumwita mtoto wao wa kumzaa "Baba" tangu mchanga hadi anaoa. Inawezekana kuishi hivyo, na wengine wanaona fahari, lakini iwe ni kwa kupenda kwako.

Muda hauko mwingi. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo miezi yako saba si kama ya mwenye mimba ya mtoto mmoja. Maliza hili wiki hizi, na usikose hata kliniki moja. Uzazi unatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, na ninyi wa Mbeya mna bahati: mkoa wenu ulikuwa wa kwanza, mwaka 2013, kuanza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti bila malipo. Nenda na majina yaliyokwisha kuamuliwa na kuandikwa herufi kwa herufi kwenye karatasi. Kubadilisha baadaye ni viapo na hati, na jina la cheti likipishana na la shule, mtoto anakuja kuhangaika kwenye kitambulisho cha taifa na mkopo wa chuo.

Mwisho, mama mkwe. Usimpigie simu. Mkishaelewana wawili, pandeni gari mwende Tukuyu, ni mwendo mfupi, au mumwite aje. Mume wako aanze kuongea, kisha wewe umwombe radhi kwa neno lile la "kizee". Hukujua, lakini lilimpata. Mwambie hivi, au namna hii kwa maneno yako: "Mama, kwenye cheti wana majina yao. Hapa nyumbani ni Kulwa na Doto, na wa kwanza kuwaita hivyo uwe wewe." Akilia, mwache alie.

Na nendeni na faili ngumu ya plastiki, zile za dukani za kuwekea vyeti. Nailoni haizuii mikunjo kukatika, na ile kalamu ya bluu imeshadumu muda mrefu. Mwombe aikunjue kadi, ilale bapa. Kadi mpya mbili zikishatoka kliniki, muwe mnaziweka humohumo, pamoja na yake.

Shangazi